Mkusanyo Uliokatwa Katekisimu: Tathmini ya Juzuu Nne Zinazouzwa River Road

Duka moja dogo la kupiga chapa na kujalidi, mojawapo ya mengi yaliyosongamana kwenye ghorofa za River Road, Nairobi, linauza mkusanyo wa juzuu nne za vitabu vya Kiingereza vya tangu mwisho wa karne ya 16 hadi mwanzo wa karne ya 18. Ni vitabu ambavyo makasisi na walimu wa Uingereza waliwaandikia watoto waliokuwa wakijifunza kusoma, au watu wazima waliokuwa wakiwasomesha. Hakimiliki yake ilikwisha zamani. Wenye duka wamezitoa kazi hizo kwenye nakala zilizopigwa picha na kuwekwa katika intaneti, wakaongeza dibaji ya Kiswahili na maelezo machache chini ya kurasa, kisha wakazijalidi kwa jalada gumu la samawati. Mkusanyo mzima ni shilingi 3,200, na juzuu moja ukiichukua peke yake ni shilingi 900. Dibaji inasema kwamba umekusudiwa walimu wa madarasa ya chini, walimu wa shule za Jumapili, na wanafunzi wa vyuo vya ualimu na theolojia. Mimi nafundisha kusoma siku za wiki na katekisimu, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, siku ya Jumapili, kwa hiyo nilijiona nimelengwa mara mbili.

Niitangulize hukumu yangu ili asiye na muda asisumbuke. Juzuu ya pili inunue bila kusita. Ya nne inafaa. Ya tatu isome mwenyewe, na usimpe mtoto. Ya kwanza iache dukani mpaka kurasa zilizoondolewa zirudishwe, na kwa kuwa ndiyo inayopaswa kuzibeba nyingine tatu, kasoro yake ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya tathmini hii.

Juzuu hiyo ya kwanza ni kitabu cha Edmund Coote, *The English Schoole-Maister*, kilichotoka mwaka 1596. Coote hakuwa kasisi; alikuwa mkuu wa shule ya Bury St Edmunds, na dibaji inakosea inapomhesabu miongoni mwa watu wa kanisa. Hata hivyo kitabu chake kinastahili kuwa mlangoni, kwa sababu kilichapwa tena na tena kwa zaidi ya miaka mia moja, na makasisi waliomfuata waliandika wakijua kwamba wasomaji wao wamekwisha kukitumia. Jambo linalovutia zaidi ni watu aliowaandikia. Hakuwaandikia walimu waliohitimu. Aliwaandikia mafundi wa nguo, wafumaji, wenye maduka na washonaji waliokuwa wakifundisha watoto wachache huku wakiendelea na kazi zao, akawahakikishia kwamba wanaweza kukaa kwenye meza ya ushonaji, kwenye kitanda cha kufumia au na sindano mkononi, wakawasikiliza wanafunzi wao bila kazi kusimama. Anayezijua shule ndogo za mitaa yetu, ambamo mama mmoja hulea, hupika na kusomesha ndani ya chumba kimoja cha mabati, atamwelewa Coote upesi kuliko profesa yeyote.

Kitabu kinaanza na herufi na silabi, kinapanda hadi maneno marefu, kisha kinaleta majibizano ya wanafunzi wawili, John na Robert, wanaoshindana kuulizana tahajia. Baada ya hapo, katika kitabu chenyewe kama Coote alivyokiandika, huja katekisimu fupi, sala, zaburi na shukrani za kabla na baada ya chakula, na mwishoni orodha ya maneno magumu yapatayo 1,400. Katika juzuu niliyoinunua, ukitoka kwenye tahajia unaangukia moja kwa moja kwenye orodha ya maneno. Katekisimu haipo. Sala hazipo. Zaburi hazipo. Wala hakuna alama yoyote ya kumjulisha msomaji kwamba kuna kilichotolewa. Namba za kurasa zimepigwa upya ili mfuatano uonekane mzima.

Niliporudi kuuliza, kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, wateja walituambia wanataka mbinu za kusomesha, si mahubiri. Tena wengine ni Waislamu, tukaona tusiwakwaze." Jibu hilo si la kipuuzi. Darasa la Nairobi lina watoto wa dini nyingi, na mwenye duka anayefikiria hisia za wateja wake anastahili kusifiwa. Lakini hiki si kitabu cha kumwekea mtoto mezani leo. Ni kitabu cha mwalimu anayetaka kujua watu wa zamani walisomeshaje, naye akikosa kurasa hizo atakuwa amekosa mbinu yenyewe.

Sababu ni hii. Mtoto wa Kiingereza wa zama hizo hakuanza kusoma akiwa mtupu. Sala ya Bwana, Imani ya Mitume na Amri Kumi alikuwa amekwisha kuzisikia nyumbani na kanisani mpaka zikamkaa kichwani. Kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604, katika kanuni ya 59, zilimwamuru kila kasisi kuwafundisha na kuwahoji vijana wa parokia yake kwa nusu saa au zaidi kila Jumapili na kila sikukuu, kabla ya sala ya jioni, kwa kutumia katekisimu iliyomo katika Kitabu cha Sala. Hata kile kibao cha kwanza ambacho mtoto alishikishwa, kibao cha mbao chenye mpini na karatasi iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa pembe ya mnyama, kilikuwa na msalaba, alfabeti, silabi, jina la Utatu, na mara baada ya hapo Sala ya Bwana. Kwa hiyo mtoto alipofikia mstari wake wa kwanza wa maneno kamili, jicho lilikutana na maneno ambayo sikio liliyamiliki tayari. Hakulazimika kufumbua herufi na maana kwa wakati mmoja. Alichofanya ni kuoanisha sauti aliyoijua na alama aliyokuwa akiionyeshwa.

Wasomaji waliopitia chuo cha Kurani Pumwani au Eastleigh hawahitaji maelezo zaidi, kwa maana ndivyo walivyoshikishwa juzuu: Fatiha ilikuwa ulimini siku nyingi kabla ya kidole kuipitia karatasini. Na wanaijua pia hatari yake. Mtoto hodari wa kukariri anaweza kuimba ukurasa mzima huku kidole chake kiko mstari mwingine kabisa, na mwalimu mwenye haraka akampa alama kamili. Mashindano ya John na Robert yanaondoa udanganyifu huo, kwa sababu anayeulizwa tahajia ya neno moja moja hawezi kujificha nyuma ya wimbo. Coote aliweka kukariri na kupimwa katika kitabu kimoja, kila kimoja kikisahihisha kasoro ya kingine. Wenye duka wamebakiza kipimo na kuondoa kile kilichokuwa kinapimwa, kisha katika dibaji wanashangaa kwamba kitabu "kinaruka ghafla" kutoka sehemu moja hadi nyingine. Waliokirusha ni wao.

Kabla sijaiacha juzuu hii, zile kurasa za silabi zinastahili kutazamwa polepole. Mwalimu yeyote wa gredi ya kwanza hapa nchini atashtuka kuona *ba be bi bo bu* kwenye kitabu cha mwaka 1596, kwa maana ni wimbo uleule unaosikika asubuhi kupitia madirisha ya shule zetu. Waingereza waliurithi mpangilio huo kutoka vitabu vya Kilatini, na kwa Kiingereza ulikuwa nguo ya kuazima: mtoto akishamaliza kuziimba silabi hizo zote hukutana na neno kama *though* au *enough*, na kila alichojifunza kinamsaliti. Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu na husomwa kama zilivyoandikwa, kinauvaa mpangilio huo kana kwamba ulikatwa kwa kipimo chake. Maelezo ya chini ya ukurasa hayagusii jambo hili hata kidogo, ingawa yameandikwa kwa Kiswahili na kwa ajili ya walimu wa Kiswahili.

Juzuu ya pili ndiyo inayohalalisha gharama. Ina tafsiri ya Kiingereza ya *Orbis Sensualium Pictus* iliyofanywa na Charles Hoole mwaka 1659, pamoja na sehemu ya kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1660 inayohusu shule za watoto wadogo. Hoole alizaliwa Wakefield, akasoma Oxford, akaongoza shule ya Rotherham, akafungua shule ya binafsi London, na mwishoni akawa kasisi wa parokia ya Stock, Essex. Mwandishi wa asili wa *Orbis* alikuwa Comenius, askofu mkimbizi wa kanisa la Umoja wa Ndugu wa Moravia, aliyekichapisha kwa Kilatini na Kijerumani huko Nürnberg mwaka 1658. Kina sura 150, kila moja ikiwa na mchoro uliochongwa kwenye mbao wenye namba, na maelezo yenye namba hizohizo pembeni, kwa Kiingereza upande mmoja na Kilatini upande wa pili.

Mwanzoni mna alfabeti ya sauti: kunguru analia *á á*, mwanakondoo *bé é é*, bata anasema *kha kha*, mbwamwitu analia *lu ulu*, na nyoka anatoa *si*. Herufi inaingia kupitia sauti ya kitu ambacho mtoto anakijua. Waliosimamia vitabu vya mradi wa Tusome katika shule zetu za umma, ambao nao ulianzia kwenye sauti za herufi kabla ya majina yake, wangemsalimu Comenius kama mwenzao. Baada ya alfabeti, sura ya kwanza inamhusu Mungu na ya 150 inahusu hukumu ya mwisho. Katikati mna moto, maji, ng'ombe, mwokaji mikate, kinyozi, shule, mahakama. Bahati nzuri ni kwamba hapa wenye duka hawakukata kitu, labda kwa kuwa picha zingebaki bila mwenyewe, na hivyo msomaji anaona wazi jinsi dini ilivyokuwa kuta za nyumba na elimu ikapangwa ndani yake. Sura ya Uislamu, nionye, imeandikwa kwa uadui wa zama zake, nayo ilihitaji maelezo ya chini ambayo hayapo.

Lakini aliyenishinda kabisa ni Hoole mwenyewe katika sehemu ya pili ya juzuu. Anaeleza desturi ya kumfanya mtoto apitie herufi zote kwenye kibao, kwenda mbele na kurudi nyuma, hadi aweze kutaja yoyote anayoonyeshwa. Desturi hiyo, anasema, imewafaa upesi watoto wenye akili nyepesi. Lakini wale wanaoelewa polepole, ambao anakiri kuwa ndio wengi na mara nyingi ndio bora, wamekaa nayo mwaka mzima, wakikaripiwa na kupigwa, na mwisho wa mwaka wakawa hawawezi kutambua hata herufi sita. Zaidi ya miaka 360 imepita na bado napata watoto wa namna hiyo, wameandikiwa "mzito" kwenye ripoti. Hoole hawaiti wazito. Anatafuta njia nyingine: picha, au kipande cha pembe ya ndovu chenye nyuso 24, kila uso umechongwa herufi moja, ambacho mtoto alikirusha mezani kama mchezo akajifunza herufi iliyojitokeza juu. (Herufi zilikuwa 24 kwa sababu I na J zilihesabiwa moja, na U na V vivyo hivyo. Kuhusu pembe ya ndovu, mwalimu wa Nairobi atumie mti wa mjakaranda, asije akamalizia somo lake kortini.)

Juzuu ya tatu ni *A Token for Children* ya James Janeway, mhubiri wa Kipuritani (wa kundi lililotaka Kanisa la Uingereza litakaswe zaidi) aliyetumikia Rotherhithe, iliyotoka kwa sehemu mbili mnamo 1671 na 1672. Ni habari za watoto 13 waliookoka wakiwa wadogo na kufa kwa furaha. Wa kwanza ni msichana aliyeguswa na mahubiri akiwa kati ya miaka minane na tisa. Kitabu hiki kiliandikwa miaka michache baada ya tauni ya 1665, mbele ya wazazi waliokuwa wamezika, na Janeway anamwambia mtoto msomaji waziwazi kwamba yeye pia anaweza kufa. Wapo wanaokidharau kama ukatili. Mimi sikidharau, kwa sababu mtoto wa karne hiyo aliviona vifo hivyo kwenye mtaa wake, na kitabu kilichokaa kimya kingemwacha peke yake navyo. Hata hivyo sitakipeleka shule ya Jumapili. Kama nyenzo ya kusomea, kina fadhila moja ya kweli: kwa mara ya kwanza katika mkusanyo huu mtoto anasoma hadithi yenye mtu wa rika lake, anayezungumza, anayelia na kujibizana na wazazi wake.

Ya nne, nyimbo za Isaac Watts za mwaka 1715, haina mengi ya kubishaniwa. Watts alikuwa mchungaji wa makanisa yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza, na nyimbo zake za watu wazima bado huimbwa makanisani Nairobi. Katika dibaji yake anaeleza kwamba linalojifunzwa kwa beti hukaa kichwani muda mrefu zaidi, jambo ambalo mswahili aliyelelewa kwa tenzi halihitaji kuthibitishiwa. Nililolipenda ni lile analosema kwamba ameandika ili watoto wa tabaka la juu na la chini, wa Kanisa la Uingereza na wa waliojitenga, waliobatizwa utotoni na wasiobatizwa, waweze wote kuimba pamoja.

Uzito wa sentensi hiyo haumfikii msomaji wa mkusanyo huu, kwa kuwa dibaji ya duka haimtaji Benjamin Keach. Keach alikuwa mhubiri wa Kibaptisti katika Buckinghamshire, na mwaka 1664 alichapa kitabu kidogo cha kuwafundishia watoto kusoma. Ndani yake alikana ubatizo wa watoto wachanga. Alishtakiwa Aylesbury, akafungwa wiki mbili, akatozwa faini ya pauni 20, akasimamishwa hadharani shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mti, kwanza Aylesbury kisha Winslow, na kitabu chake kikachomwa moto mbele ya macho yake. Kitabu cha alfabeti! Miaka 51 baadaye Watts anaweza kuwaalika waliobatizwa na wasiobatizwa katika wimbo mmoja wa watoto. Kisa hicho kimoja, kwa aya mbili, kingemweleza mnunuzi kwa nini serikali na kanisa zilijali kiasi hicho nani anaandika kitabu cha kusomea, na kingewazuia wachapaji wenyewe wasidhani kwamba katekisimu ni pambo linaloweza kuondolewa.

Dibaji ina makosa mengine. Inasema kwamba makasisi hawa "waliwafundisha watoto kusoma na kuandika". La. Kusoma kulifundishwa kwanza, na kuandika kulikuja baadaye, kwa karo nyingine na mara nyingi kwa mwalimu mwingine; watoto wengi wa maskini, hasa wasichana, waliondolewa shuleni kwenda kufanya kazi katikati ya hatua hizo mbili, wakabaki wanaoweza kuisoma Biblia bila kuweza kuandika majina yao. Kasisi alimtaka msomaji kwa ajili ya wokovu wake. Mwandishi hakuwa lazima. Pia hapakutajwa Robert Cawdrey, kasisi aliyenyang'anywa parokia kwa msimamo wake wa Kipuritani, ambaye mwaka 1604 alichukua mengi kutoka orodha ya Coote na kutoa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa ajili ya wanawake na wengine waliokutana na maneno magumu katika Maandiko na mahubiri. Ile orodha ya maneno katika juzuu ya kwanza ingepata maana yake hapo.

Na kama nafasi ingekuwepo ya juzuu ya tano, ningemwomba Griffith Jones wa Llanddowror, ingawa alikuwa Mwelshi, mtu wa Wales. Kuanzia miaka ya 1730 kasisi huyu aliendesha shule za kuhamahama, zilizokaa parokiani kwa miezi michache kisha zikahama, zikifundisha kusoma Biblia na katekisimu kwa Kiwelshi badala ya Kiingereza, kwa hoja kwamba mtu hujifunza kusoma upesi katika lugha anayoielewa. Hadi anafariki mwaka 1761 shule hizo zilikuwa zimepita 3,000. Hoja yake tunaibishania hadi leo kila mtaala mpya unapoletwa.

Kuhusu kazi ya mikono, sina malalamiko makubwa. Karatasi ni nzito ya kutosha, mshono wa kitabu ni wa uzi na si gundi tupu, na juzuu hufunguka na kulala mezani bila kukatika mgongo. Michoro ya Hoole imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa katika kurasa chache ambazo namba ndogo zimemezwa na wino, na bila namba hizo mbinu yote ya kitabu inapotea. Katika juzuu ya tatu pambizo la ndani limebanwa mno. Ile herufi ndefu ya *s* inayofanana na *f* haikuelezwa mahali popote, na msomaji mgeni atahangaika kurasa kadhaa kabla ya kuizoea. Huduma ya kaunta ni nzuri: unaagiza kwa simu, unalipa nusu kwa M-Pesa, na ukichelewa kuchukua hawakutozi cha ziada.

Kijana yule aliniambia pia kwamba faili kamili ya Coote wanayo, na kwamba wanaweza kuichapa ikiwa mteja ataitaka. Kwa hiyo atakayeagiza aseme mapema kuwa anataka juzuu ya kwanza yenye katekisimu, sala na zaburi, aombe ukurasa wa yaliyomo aukague kabla ya kulipa nusu ya pili, na kwa juzuu ya pili afungue sura tatu nne pale pale kaunta aone kama namba za kwenye michoro zinasomeka.